AC ya Gari Haipozi: Kusaka Hitilafu Dalili kwa Dalili katika Joto la Mombasa

Ukipeleka gari gereji hapa Mombasa ukasema AC haipozi, mara nyingi jibu huwa limeshaandaliwa: gesi imeisha, tujaze. Linajazwa, unalipa, unaondoka na baridi yako. Wiki chache baadaye, katikati ya kaskazi, joto limerudi na unaambiwa gesi imeisha tena.

Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inachukua joto ndani ya gari na kwenda kulitoa mbele ya redieta, na gesi ileile inaweza kufanya kazi hiyo miaka na miaka. Ikipungua upesi, kuna mahali inatoka. Kujaza bila kutafuta mahali hapo ni kumlipisha mwenye gari kwa ugonjwa uleule kila msimu, na tabia hiyo inafaa kukoma.

Pwani tuna sababu ya pekee ya kuwa waangalifu. Kondensa, ile mfano wa redieta nyembamba iliyo mbele kabisa nyuma ya grili, ni ya alumini, na upepo wa baharini unaipiga chumvi mchana na usiku. Gari linalolala nje Nyali, Bamburi au Shanzu huliwa kondensa mapema kuliko la bara. Kwa hivyo usitegemee kila ushauri wa fundi wa Nairobi, ambako hewa ni kavu na baridi ya saa moja asubuhi inaficha makosa mengi.

Pima kwanza

Liegeshe gari kivulini, washa injini, weka AC kwenye baridi ya mwisho, feni kasi ya juu, na swichi ya hewa upande wa kuzungusha hewa ya ndani. Funga madirisha. Subiri dakika kumi huku mtu akishikilia injini mizunguko 1,500 hivi. Tia kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi. Nje kukiwa nyuzi 31 au 32 na unyevu wetu huu, kupata nyuzi 8 hadi 12 ni AC nzima. Usimsumbue fundi akupe nyuzi 4. Sehemu kubwa ya nguvu ya AC huku inaishia kugeuza mvuke kuwa maji, ndiyo maana gari lenye AC nzima huacha kidimbwi chini yake likisimama. Maji hayo ni dalili njema.

Fungua boneti na uguse mabomba mawili ya AC yanayoingia kwenye ukuta wa injini, ukijiepusha na mkanda na feni. Lile nene liwe baridi na lenye jasho. Lile jembamba liwe la uvuguvugu. Yakiwa na joto moja, gesi haizunguki au ni kidogo mno.

Upepo unatoka vizuri, lakini ni wa joto

Hili ndilo lalamiko linaloongoza. Anza na visivyolipishwa: kitufe cha AC kimewaka taa? Kirekebisha joto hakijasogezwa upande mwekundu? Kisha mwambie mtu abonyeze AC huku wewe umesimama mbele ya gari na kusikiliza. Kwenye kompresa (pampu inayosukuma gesi, ikizungushwa na mkanda wa injini) yenye klachi ya kuiwasha na kuizima, utasikia "tak", na uso wa puli uliokuwa umetulia utaanza kuzunguka. Magari mengine, hasa ya miaka ya karibuni, yana kompresa isiyo na klachi. Hiyo puli inazunguka wakati wote na hutasikia mlio wowote, kwa hivyo usiihukumu kwa sikio.

Klachi isiposhika, sababu huja kwa mpangilio huu:

1. Gesi imepungua hadi swichi ya presha ikakata umeme. Swichi hiyo imewekwa makusudi: kompresa hupata mafuta yake kutoka kwa gesi inayozunguka, na ikienda bila gesi hujiua.
2. Fyuzi au rilei. Fyuzi itazame kwa macho. Rilei ibadilishane na nyingine ya aina ileile kwenye kisanduku hicho hicho, kama ya honi, kisha ujaribu tena.
3. Waya au plagi ya klachi imeota kutu ya kijani. Kwetu si jambo adimu.
4. Koili ya klachi imeungua, au mwanya kati ya bamba na puli umepanuka. Mwanya wa kawaida hauzidi milimita moja. Kwenye magari mengi ni kama nusu ya hapo. Klachi inayoshika asubuhi na kukataa saa nane mchana, injini ikiwa imechemka, aghalabu ina ugonjwa huu.

Nimeshaona watu wakiunganisha waya moja kwa moja kwenye swichi ya presha ili klachi ishike kwa nguvu. Usikubali. Umeondoa kinga ya kompresa, na kompresa ndiyo kifaa ghali kuliko vyote hapo.

Klachi inashika lakini upepo bado ni wa joto? Hapo gesi inaweza kuwa kidogo, kompresa imechoka ndani, vali ya kupanulia gesi imeziba, au kile kifuniko cha ndani ya dashibodi kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi kimekwama. La mwisho unaweza kulibaini mwenyewe: ikiwa bomba nene kwenye boneti ni baridi na lina jasho, na ndani upepo ni moto, mfumo wa gesi ni mzima. Tatizo liko ndani ya dashibodi.

*Kutafuta panapovuja.* Gesi hutoka na mafuta, na mafuta hukamata vumbi. Chukua tochi. Tafuta doa jeusi lenye unyevunyevu kwenye pembe za chini za kondensa, ambako maji ya chumvi na matope hukaa. Kwenye maungio ya mabomba, ambako oringi za mpira hukauka. Mbele ya kompresa nyuma ya klachi. Na kwenye tundu mbili za kujazia gesi. Vifuniko vya plastiki vya tundu hizo hupotea sana gereji. Ni vidogo, lakini ndivyo vinavyozuia vumbi na chumvi kuingia kwenye vali. Tundu likiwa wazi, lipake povu la sabuni uone kama linatoa viputo.

Kwenye matatu na magari ya utalii yenye AC ya nyuma, lala chini utazame mabomba marefu yanayopita chini ya bodi. Yale huloweshwa kila mvua, na penye kishikio cha chuma kinachosugua alumini ndipo hutoboka.

Kama hapa pote ni pakavu, koili ya ndani, ile inayopoza hewa na iliyofichwa nyuma ya dashibodi, ndiyo mshukiwa. Kuna rangi maalumu inayotiwa kwenye mfumo na kung'aa chini ya taa ya urujuani. Kwa koili ya ndani, ukungu wa rangi hiyo huonekana kwenye maji yanayodondoka chini ya gari. Kutoa dashibodi ni kazi ya siku nzima au zaidi, kwa hivyo dai uoneshwe ushahidi kabla hujakubali.

Baridi gari likitembea, joto likisimama

Anayevuka Likoni anaijua dalili hii. Kutoka Ukunda hadi kwenye foleni ya feri baridi ni tele. Gari likisimama dakika tano mtelemkoni, upepo unaanza kuwa wa uvuguvugu, na likiondoka baridi inarudi. Vivyo hivyo jioni kwenye Daraja la Nyali.

Maana yake ni moja: gari likitembea, hewa inapita kwenye kondensa yenyewe. Likisimama, ni lazima feni iivute. Usikimbilie gesi hapa.

Cha kwanza ni feni. Injini ikiwaka, washa AC na utazame feni ya mbele. Kwenye magari mengi inapaswa kuanza mara moja au baada ya muda mfupi sana. Haizunguki? Tazama fyuzi yake, rilei yake, kisha plagi. Ikizunguka kwa uvivu, mota imechoka. Mota iliyobadilishwa ikafungwa kinyume pia ipo: inazunguka kwa nguvu huku ikisukuma hewa mbele badala ya kuivuta nyuma. Weka karatasi nyepesi mbele ya grili. Ikivutwa, upande ni sawa.

Tahadhari: feni ya umeme inaweza kuanza ghafla hata injini ikiwa imezimwa, hasa swichi ya gari ikiwa bado imewashwa. Usitie kidole, na wenye ushungi au kanga waifunge vizuri kabla ya kuinama pale.

Cha pili ni uchafu. Kati ya kondensa na redieta hujikusanya nywele za mbuzi, majani, karatasi za plastiki na vumbi la Changamwe. Kwa mbele kondensa inaonekana safi, na katikati hakuna hewa inayopita. Ioshe kwa maji ya bomba ya kawaida, kutoka nyuma kuja mbele inapowezekana, injini ikiwa imepoa. Usitumie mashine ya presha ya kuoshea magari kwa karibu. Inalaza mapezi yote na umejiongezea tatizo. Anayeishi karibu na bahari na aoshe hapo mbele kwa maji baridi kila anapoosha gari.

Cha tatu: mapezi yenyewe yameliwa. Yaguse kwa ncha ya kidole. Yakivunjika kama unga mweupe, kondensa hiyo hata isipovuja haitoi joto tena. Ibadilishe. Kabla ya kununua ya mtumba, itazame pembe zake za chini kwa tochi, maana iliyotoka nchi ya theluji imekula chumvi ya barabarani na inaweza kuwa na ugonjwa uleule wa yako.

Cha nne ni gesi kupita kiasi. Wanaojaza kwa kopo bila mizani husababisha hili kila siku.

Sindano ya joto la injini ikipanda pamoja na dalili hii, zima AC hapo hapo. Ikiendelea kupanda, toka kwenye foleni, zima injini, na usifungue kifuniko cha redieta kikiwa moto. Sasa shida si ya AC tena, ni ya injini, na kila dakika unayolazimisha inaweza kukugharimu gasketi ya silinda hedi.

Baridi kali mwanzoni, kisha upepo unafifia

Unatoka Mtwapa na baridi safi. Ukifika Kiembeni feni bado inanguruma lakini upepo umekuwa mwembamba. Ukizima AC kwa muda upepo unarudi, na maji mengi yanamwagika chini. Koili ya ndani imeganda barafu.

Mara nyingi ni chujio la hewa ya ndani lililoziba: hewa ikipita kidogo, koili inapoa kupita kiasi na maji juu yake yanaganda. Lipo nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria na kwenye magari mengi hutoka bila spana. Magari kutoka Japani mengine huingia bandarini na chujio ambalo halijaguswa miaka. Likiwa safi, mshuku kisensa cha joto la koili, kinachopaswa kuikata kompresa kabla ya barafu. Baada ya hapo, gesi iliyopungua kidogo.

Kuna pacha wa dalili hii anayechanganya watu: nguvu ya upepo haipungui ila baridi inakatika, inarudi, inakatika. Huo ni unyevu ndani ya mfumo, unaoganda kwenye vali ya kupanulia gesi. Aliyejaza hakuvuta vakyumu, yaani hakunyonya hewa na unyevu wote kwa pampu kabla ya kujaza, au aliliacha bomba wazi usiku kucha kwenye hewa hii yetu ya majimaji.

Feni ya ndani na kasi zake

Inafanya kazi kwenye namba ya mwisho tu, zile za chini zimekufa: rezista ya feni. Ni kipuri kidogo, bei nafuu, skrubu mbili. Haifanyi kazi namba yoyote: fyuzi, rilei, kisha mota. Ukikuta plagi ya mota au rezista imeyeyuka, usiweke fyuzi kubwa zaidi. Mwite fundi wa umeme. Magari yameungua kwa njia hiyo.

Harufu

Harufu ya nguo mbichi iliyokunjwa ni kuvu kwenye koili. Badilisha chujio, mpe fundi aipulizie koili dawa ya povu, na ujizoeze kuzima AC dakika mbili tatu kabla ya kufika huku feni ikiendelea ili koili ikauke. Kupulizia manukato kwenye matundu kunaongeza uchafu palepale.

Harufu tamu pamoja na ukungu wenye mafuta kwenye kioo cha mbele ni maji ya redieta yanayovuja kwenye hita. Harufu ya waya unaoungua au ya petroli: simama, zima kila kitu, tokeni nje.

Maji miguuni mwa abiria

Karibu kila mara ni mrija wa kutolea maji ya koili ulioziba. Tafuta ncha yake chini ya gari na uizibue taratibu kwa waya laini au kwa kuvuta. Usipulize kwa kompresa ya gereji. Mrija unaweza kuchomoka ndani na kapeti lote likalowa.

Kelele

Ipo hata AC ikiwa imezimwa: beringi ya puli, au mkanda. Inaanza AC ikishika: klachi au kompresa yenyewe. Mlio wa chuma kusagana usisubiriwe hata kidogo, zima AC. Kompresa inayokufa hutapika chembe za chuma ndani ya mabomba, na ukiweka mpya bila kusafisha mfumo na kubadilisha dria, lile chujio la kunyonya unyevu, hiyo mpya nayo itaharibika. Kondensa nyingi za siku hizi zina vijia vyembamba visivyosafishika, kwa hivyo hubadilishwa pamoja.

Kwenye Toyota nyingi, taa ya kitufe cha AC ikipepesa badala ya kuwaka moja kwa moja, kompyuta imeona kompresa haizunguki sawa na injini. Tazama mkanda kwanza, kisha sensa ya kompresa na waya wake, na mwisho kompresa iliyokaza.

Geji zinasema nini

Hii ni kazi ya fundi, lakini mwenye gari asimame aone. Gari likiwa limezimwa na limepoa, kwa nyuzi 30 na gesi ya R134a, aina iliyo kwenye magari mengi, geji zote mbili (vipimo vya presha) husoma karibu psi 95. Usikubali mtu akuoneshe hesabu hiyo na kudai gesi imejaa. Presha hiyo haibadiliki maadamu kuna tone la gesi iliyo katika hali ya kimiminika ndani, iwe mfumo umejaa au umebaki robo.

Kompresa ikifanya kazi katika joto letu, upande wa chini husoma psi 30 hadi 50, wa juu 200 hadi 275 hivi. Zote zikiwa chini, gesi ni haba. Zote juu: feni, kondensa, hewa iliyoingia ndani ya mfumo, au gesi imezidi. Chini imepanda na juu imeshuka: kompresa imechoka. Upande wa chini ukienda karibu na sifuri au chini yake, kuna kizuizi kwenye vali au dria.

Mahali pa kuacha mwenyewe

Usilegeze ungio lolote la AC lenye gesi. Gesi inayochomoka hugandisha ngozi na inaweza kupofusha. Usichomelee bomba lenye gesi wala usitafute mvujo kwa moto. R134a ikiungua hutoa moshi wa sumu. Na usiruhusu mtu akujazie gesi ya kupikia. Inapoza, ni kweli, lakini siku koili ya ndani ikivuja, gesi hiyo inajaa pale mlipoketi na watoto, ikisubiri cheche.

Hybridi, kama Aqua na Prius, ni jambo lingine kabisa. Kompresa yake huendeshwa na umeme mkubwa kupitia nyaya za rangi ya chungwa. Betri ya Prius nyingi ni zaidi ya volti 200. Usiziguse. Tena kompresa hiyo hutumia mafuta yake maalumu yasiyopitisha umeme. Fundi akitia mafuta ya kawaida ya PAG, kinga ya umeme inaharibika na gari linaweza kukataa kuwaka. Muulize kabla hajaunganisha geji: unatumia mafuta gani kwa hybridi? Akisita, shukuru uondoke.

Siku ya kujaza

Mvujo ukishazibwa, dai mambo haya kwa upole lakini usiyaachie. Mfumo upimwe kwa naitrojeni, si kwa upepo wa kompresa ya matairi, ambao umejaa maji. Dria ibadilishwe kama mfumo ulikuwa wazi. Vakyumu ivutwe nusu saa au zaidi, kisha pampu ifungwe na geji itazamwe. Ikipanda, bado panavuja na asijaze. Aina ya gesi na uzito wake husomwa kwenye kibandiko chini ya boneti: magari mengi madogo huchukua kati ya gramu 300 na 600, na mapya kadhaa hutumia R1234yf, ambayo haichanganywi na R134a. Gesi ipimwe kwa mizani. Kwenye gari la gramu 400, kopo moja la kukisia linatosha kuvuruga kila kitu.

Mwombe aandike tarehe na gramu alizotia kwenye karatasi ya gundi, aibandike karibu na kibandiko hicho. Baridi ikipungua kaskazi ijayo, mwenye mashine ya kunyonya gesi ataipima iliyobaki, atoe kwenye gramu zile, na mtajua kama mvujo ni wa kutafutwa leo au kama kosa liko kwenye feni.